Maji Yanayotoka Shambani Kwako

Ukisimama juu ya kilima chochote kati ya Dodoma mjini na Mpwapwa mwezi wa kumi, mvua ikiwa bado, utaona mashamba yamepangana kuelekea bondeni kama mikeka iliyotandikwa. La juu la huyu, la kati la yule, la chini la mwingine. Mipaka hiyo wanaijua watu, maji hayaijui. Mvua ikifika, mwishoni mwa Novemba au Desemba, maji yanayoangukia shamba la juu yanapita kwenye mashamba yote, na kila yanapopita yanaondoka na kitu.

Tunapozungumzia wajibu wa binadamu kwa wenzake, mara nyingi tunafikiria msiba, mgonjwa, mtoto wa ndugu aliyekosa ada. Tunapozungumzia wajibu kwa mazingira, tunafikiria kupanda miti siku ya maadhimisho. Hapa Dodoma mambo haya mawili ni jambo moja, na linaonekana kwa macho pale maji yanapovuka mpaka wa shamba. Ukiyaachia maji yako, umeharibu ardhi na umemuumiza jirani kwa tendo lile lile. Na deni hilo linapimika kwa lita na kwa tani.

Kuna vipimo vya mmomonyoko vilivyofanyika Mpwapwa miaka ya 1930, na hadi leo wataalamu wa udongo wanavitaja. Viliwekwa vipande vya ardhi kwenye mteremko mdogo: kimoja kichaka kisicholishwa mifugo, kingine nyasi, kingine mtama, kingine udongo mtupu uliolimwa ukaachwa wazi. Kwenye kichaka, maji yaliyotiririka hayakufika hata asilimia 1 ya mvua, na udongo haukuondoka. Kwenye mtama ilitiririka asilimia 26 ya mvua, na kwa mwaka ziliondoka tani 78 za udongo kwa hekta. Kwenye udongo mtupu ilitiririka nusu ya mvua, na ziliondoka tani 146.

Tuiweke kwenye ekari 1, maana ndiyo tunayoijua. Ekari ina mita za mraba 4,000 na kidogo. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 30, ambayo Dodoma inaweza kushuka yote kwa saa moja, inamwaga lita 120,000 kwenye ekari. Kama ardhi iko uchi, nusu inatiririka: lita 60,000, sawa na simtanki 60 za lita 1,000 zilizopinduliwa kwa pamoja juu ya shamba la aliye chini yako. Na ule udongo wa tani 146 kwa hekta ni kama tani 59 kwa ekari. Hesabu lori la tani 7, linapakia mara nane na zaidi, kila mwaka, na kinachopakiwa ndicho cha juu kabisa chenye samadi na rutuba yote.

Udongo huo unaenda wapi? Sehemu inabaki kwa jirani, imefukia mtama uliokwisha ota. Sehemu inaingia korongoni. Mabwawa ya Ikowa, Matumbulu na Msalatu yalipopimwa kati ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, yalionekana yanajaa mchanga na tope kwa kasi kubwa, na udongo huo ulitoka kwenye mashamba na malisho yaliyo juu yake. Kwingine maji yanafuata mto Kinyasungwe hadi Gulwe, yanaendelea hadi Kilosa. Kipande hicho cha Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe kimebomolewa na mafuriko mara nyingi. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 kiliharibika vibaya, na mjini Kilosa watu wengi wakapoteza makazi. Mtu aliyelala Kilosa hamjui mwenye shamba la Mpwapwa. Lakini maji yanawajua wote wawili.

Kuna jibu ambalo husikika kila likizungumzwa jambo hili mkutanoni: "Ni mvua ya Mungu, mimi nifanyeje?" Ni kweli, mvua ni ya Mungu. Mtiririko ni wa mwenye shamba. Vipimo vya Mpwapwa vilifanyika mahali pamoja, chini ya mvua ile ile, na kipande kimoja kilitoa matone, kingine kikatoa nusu ya mvua yote. Tofauti ilikuwa ni kile kilichofanyika juu ya ardhi. Katiba yetu, ibara ya 27, imeweka wajibu wa kulinda maliasili na wajibu wa kuheshimu mali ya mtu mwingine ndani ya sentensi moja. Sijui sehemu nyingine ambako sentensi hiyo ina maana kamili kama hapa mtelemkoni.

Sasa kazi yenyewe. Kwa mashamba ya mteremko mdogo na wa wastani, njia inayofaa Dodoma ni mitaro ya kontua, inayofuata usawa wa ardhi, ili maji yasimame na kuzama badala ya kukimbia. Kifaa cha kupimia ni fremu ya A, na kinatengenezwa kwa fito. Chukua fito mbili zilizonyooka za mita 2 kila moja, zifunge pamoja juu, tanua miguu hadi iachane mita 2. Funga ufito wa tatu katikati ukilala, urefu wa mita 1.2 hivi. Kutoka kwenye fundo la juu ning'iniza kamba yenye jiwe la ukubwa wa ngumi, lishuke chini kidogo ya ufito uliolala. Hiyo ndiyo timazi yako.

Wengi huharibu hapa kwa kuanza kupima moja kwa moja. Fremu haijui usawa mpaka ifundishwe. Isimamishe, weka alama pale miguu ilipokanyaga, kamba ikitulia chora alama kwenye ufito. Kisha igeuze: mguu wa kulia uende ulipokuwa wa kushoto, wa kushoto uende ulipokuwa wa kulia, juu ya alama zile zile. Chora tena kamba ilipopita. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa, chora mstari mzito. Kama alama mbili zimeangukiana tangu mwanzo, ulikuwa tayari kwenye usawa. Pima asubuhi kabla upepo haujaanza, au badala ya jiwe tumia chupa iliyojazwa mchanga, maana upepo wa Dodoma wa mchana hauiachi kamba itulie.

Anzia juu ya shamba. Mguu mmoja kwenye kigingi cha kwanza, zungusha mguu wa pili juu au chini taratibu mpaka kamba ipite kwenye mstari mzito, piga kigingi kingine. Endelea hivyo kila mita 2. Ukimaliza utaona mstari umepindapinda, na mkono utawasha kuunyoosha upendeze. Unaweza kusogeza kigingi kimoja kimoja kilichotoka nje peke yake, kwa nusu hatua. Lakini mahali ambapo vigingi vingi kwa pamoja vimejipinda kuelekea juu, hapo pana bonde dogo ambalo jicho halilioni. Ukikata mtaro ukanyooka kuvuka bonde hilo, umetengeneza mdomo. Maji ya mtaro mzima yatakusanyika hapo, tuta litavunjika, na badala ya maji yaliyosambaa jirani atapokea maji yaliyokusanywa. Mtaro uliopimwa vibaya unamdhuru aliye chini kuliko kutokuwa na mtaro kabisa. Hili ndilo linalonifanya nisimame sana kwenye vipimo: nia njema bila timazi inachimba korongo.

Vipimo vya mtaro ni upana sentimita 60 na kina sentimita 60. Udongo unatupwa upande wa juu, ndiyo maana unaitwa fanya juu. Ukitupwa chini ni fanya chini, ambao ni mwepisi zaidi kwa mgongo. Kati ya ukingo wa mtaro na tuta acha nafasi tupu ya sentimita 20 hadi 30, la sivyo mvua mbili tu zinaurudisha udongo ndani. Kwenye mteremko wa kushuka mita 1 kwa kila mita 20, weka mtaro kila mita 20. Mteremko ukiwa mara mbili ya huo, weka kila mita 10 au 12. Mtaro wa upana na kina hicho unabeba lita 360 kwa kila mita ya urefu. Ekari yenye mitaro mitatu ya mita 63 ina nafasi ya lita 68,000. Linganisha na zile simtanki 60. Mvua ile mbaya kabisa, juu ya ardhi ile mbaya kabisa, inaweza kubaki shambani kwa mwenyewe.

Ndani ya mtaro acha vizuizi vya udongo usiochimbwa kila mita 10, vifupi kuliko tuta kwa sentimita 15. Tuta likivunjika mahali pamoja, yanaondoka maji ya kipande kimoja, si ya mtaro wote. Ncha za mtaro zipinde kuelekea juu na kuziziba. Juu ya tuta panda majani ya Makarikari au matete, na kwa Dodoma ningechagua Makarikari kwa sababu yanavumilia kiangazi. Penye mwamba karibu usichimbe. Panga mawe kwenye mstari ule ule wa kontua. Kila baada ya mavuno toa tope lililojaa mtaroni, lirudishe juu ya tuta.

Mtu mwenye jembe na sururu anachimba mita 5 hadi 8 kwa siku, udongo ukiwa umelowa kidogo. Mita 190 za ekari ni kazi ya mwezi mzima kwa mtu mmoja. Hapa ndipo wajibu unapoacha kuwa wa mtu binafsi. Mitaro inaanza juu ya kilima na kushuka, kwa sababu mtaro wa katikati hauwezi kuzuia maji ya kilima kizima. Aliye bondeni anaweza kuchimba vizuri sana na mvua moja ikafuta kazi yake yote. Kwa hiyo aliye chini apande akachimbe kwa aliye juu, hata kama shamba si lake. Anayefaidika kwanza na mtaro wa juu ni yeye. Na aliye juu, siku ikifika zamu ya bondeni, ashuke. Kualikana kulima si jambo geni kwetu. Togwa na ugali wa mtama vinatosha kukusanya watu ishirini.

Halafu kuna shamba la bibi aliyebaki peke yake, au la mgonjwa, au la mtu aliyehamia mjini. Vikundi vingi hupenda kuliruka. Usiliruke. Mstari wa kontua ukikatika mita 40 katikati ya kilima, maji yote ya juu yatapita kwenye lango hilo, na asiye na nguvu ndiye atakayepata korongo. Likianza kuchimbika shambani kwake, mwaka wa tatu limefika kwa wale walioliruka. Anza na shamba hilo.

Kazi ya pili ni nyepesi, haihitaji mche wala maji, nayo ni kisiki hai. Miti mingi iliyokatwa kwa mkaa, kuni na kusafisha shamba haijafa. Mizizi ipo, kila mwaka inachipua, na kila mwaka jembe au mbuzi anaimaliza. Njia ya kuilea ilienezwa na Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyefanya kazi Maradi nchini Niger kuanzia miaka ya 1980, na huko imerudisha miti kwenye takribani hekta milioni 5. Dodoma inafundishwa vijijini kwa jina hilo la kisiki hai, na shirika la LEAD Foundation limeifanyia kazi kubwa.

Fanya baada ya mavuno, Julai hadi Septemba. Chagua kisiki chenye machipukizi yenye afya. Acha matatu hadi matano, yaliyonyooka na yaliyo manene, yaliyobaki ondoa. Kwenye yale uliyoacha, pogoa matawi ya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya urefu. Tumia kisu au panga yenye makali kweli, kata ukielekea juu, karibu na shina. Ukikata kutoka juu kwenda chini, tawi linaanguka na kuchuna gome mpaka chini, na kidonda hicho ni mlango wa mchwa. Kosa lingine ni kuacha chipukizi moja tu kwa tamaa ya mti mkubwa wa haraka: upepo au ng'ombe akiuvunja, umerudi mwanzo. Funga kitambaa chenye rangi kwenye shina ili wachungaji na walimaji wajue mti huu una mwenyewe. Matawi ya miiba uliyokata yazungushie kisiki yamzuie mbuzi. Rudi kila baada ya miezi michache, ondoa machipukizi mapya. Visiki 16 kwa ekari vinatosha kuanza bila kuubana mtama. Mkwaju, mgunga, mkole, yote yanakubali. Mkababu ukiupata ushukuru, maana unapukutisha majani wakati wa masika, mazao yanapata jua na samadi kwa pamoja.

Kitambaa kinafanya kazi pale tu ambapo mchungaji amekubali. Desturi yetu ni kwamba mavuno yakiisha mifugo inaingia kula mabua, na ni desturi yenye haki ndani yake: mwenye mifugo anapata malisho, mwenye shamba anapata samadi. Kwa hiyo usimtangazie mfugaji marufuku. Mwite kabla hujafunga kitambaa cha kwanza, na waite pia wale vijana wanaotembea na mbuzi kila siku, kwa sababu baba yao akikubali barazani na wao hawajui, miti imekwisha. Sheria ndogo ya kijiji inatungwa na halmashauri ya kijiji baada ya kusikiliza maoni ya mkutano wa kijiji, na kuthibitishwa na halmashauri ya wilaya. Ni silaha nzuri, lakini ikitangulia mazungumzo, anayelipa faini ni mwenye mbuzi watatu, na mwenye ng'ombe mia anajua pa kupita. Ugomvi wa mpaka au wa mifugo upelekwe kwanza baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba ambao si chini ya watatu ni wanawake. Kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha.

Nasema hivyo nikiikumbuka Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwa amri kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256 la milima ya Kondoa, ambako makorongo yalikuwa yamekula nchi. Ardhi ilipona. Nyasi zilirudi, vichaka vilirudi, sehemu za mchanga mtupu zikalimika tena. Anayesema ardhi iliyokufa haifufuki aende Kolo au Haubi akaangalie. Lakini familia zililazimika kuuza ng'ombe au kuwapeleka kwa ndugu nje ya mpaka, na mzigo wa malisho ukahamia kwa watu wengine. Watoto walikosa maziwa, mashamba yalikosa samadi. Miaka kadhaa ilipita kabla ng'ombe wa maziwa wa kufugiwa ndani hawajaletwa. Naona Kondoa inatudai yote mawili: kukubali kwamba kuondoa mifugo kuliokoa milima, na kukubali kwamba gharama ililipwa na watu ambao hawakuulizwa. Ardhi inayoponywa kwa kumsahau anayeishi juu yake imehamisha kidonda tu.

Korongo ambalo tayari lipo usilianze kulijaza kutoka chini. Anza kichwani, pale linapoendelea kumeguka kila mvua: chimba mtaro wa kontua juu yake maji yasilifikie. Ndipo ushuke kujenga vizuizi vya mawe, kila kimoja kikiwa na msingi uliozama sentimita 30 ardhini na kuingia ndani ya kuta pande zote mbili. Juu ya kizuizi katikati pawe chini kuliko pembeni, kama kiti cha baiskeli kilichobonyea, ili maji yapite katikati. Wengi hujenga ukuta ulionyooka, maji yanazunguka pembeni, yanamega kingo, na korongo linapanuka maradufu. Nafasi kati ya kizuizi na kizuizi ipime hivi: mdomo wa kizuizi cha chini uwe usawa mmoja na mguu wa kizuizi cha juu. Kingoni panda minyaa na mkonge.

Watu wa mjini nao wana mteremko wao. Bati la mita za mraba 100 kwa mvua ya mwaka ya milimita 550 linatiririsha lita 55,000, na nyumba nyingi za Dodoma hazina gata wala tangi. Maji hayo yanakwenda mtaani, yanachimba njia ya jirani. Na mchanga wa kujengea ukitolewa korongoni hadi ukaachwa udongo wa kando ukining'inia, mvua inaangusha kingo na shamba la mtu linafuata.

Mvua ya kwanza ikinyesha, amka mapema kabla jua halijakausha ushahidi, usiende kukagua mitaro yako kwanza. Shuka uvuke mpaka, ukasimame upande wa jirani wa chini, mwombe muangalie pamoja. Tafuta michirizi ya mchanga iliyovuka, mabua yaliyolala kuelekea bondeni, maji ya rangi ya chai yaliyosimama kwenye jaruba lake. Ukiuona mchirizi, ufuate kwa miguu kuelekea juu mpaka ulipoanzia. Utafika pale tuta lilipobonyea, labda kwa upana wa kiganja tu. Lijaze udongo siku hiyo hiyo, ushindilie kwa mguu, upandishe sentimita 10 juu ya tuta la pande zake, kabla mvua ya pili haijafika.